Kilichomjenga Lupita Nyong'o kabla ya Oscar: ni Nairobi au ni Yale?

#1 PaziaLaNyuma
Habari za jioni, wadau. Jina la Lupita Nyong'o likitajwa, simulizi huanzia usiku wa tarehe 2 Machi 2014, alipopokea Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave, na yote yaliyotangulia hufupishwa kwa sentensi moja: alikuwa mwanafunzi wa Yale, chuo kikuu cha Marekani. Simulizi hiyo inanikera, kwa sababu inawafundisha vijana wetu wanaotaka kuigiza kwamba miaka mingi aliyoifanyia kazi kabla ya hapo haikuwa kazi.

Hebu tuitazame. Akiwa na umri wa miaka 14 alicheza Juliet jijini Nairobi na kundi la Phoenix Players. Katika The Constant Gardener, filamu ya Fernando Meirelles iliyopigwa Kenya na kutoka 2005, alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa nyuma ya kamera. Filamu fupi East River, aliyoigiza, ilipigwa Brooklyn na kutoka 2008. Mwaka 2009 ikaja In My Genes, filamu ya hali halisi aliyoiongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino, na mwaka huohuo watazamaji wa televisheni wakamwona kama Ayira katika Shuga ya MTV. Shahada ya uzamili ya Yale aliipata 2012. Dai langu ni kwamba Yale ilimpokea mwigizaji aliyekwisha kujengwa. Wenye hoja tofauti, uwanja ni wenu.

#2 KaratasiNgumu
Asante kwa uzi. Nayakubali yote uliyoyaorodhesha, ila hitimisho lako silikubali. Waliopanda jukwaa la Phoenix tangu miaka ya 1980 ni wengi sana, na baadhi yao walikuwa hodari kweli, lakini hawakufika huko. Tofauti yao na Lupita ni miaka mitatu ya kufanya kazi ya sauti, mwili na maandishi kila siku mbele ya walimu wasio na huruma. Yale alicheza Perdita katika The Winter's Tale, Sonya katika Uncle Vanya, na Katherina katika The Taming of the Shrew, akapewa na tuzo ya Herschel Williams ambayo hutolewa kwa mwanafunzi wa uigizaji mwenye kipaji cha pekee.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Wanafunzi wa shule ile wanapokaribia kuhitimu hupelekwa kuigiza mbele ya mawakala na wasaka vipaji. Usaili wa 12 Years a Slave ulimfikia kabla hajavaa joho. Mwigizaji aliyeko Nairobi, hata awe bora kuliko yeye, asingejua kwamba nafasi ya Patsey inatafutiwa mtu.

#3 UpepoWaZiwa
Wakuu, nyote wawili mnauzunguka mbuyu. Huyu ni binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, mwanasiasa mkubwa, aliyekuwa waziri wa huduma za afya hadi 2013. Alizaliwa Kisumu katika nyumba yenye vitabu, akasoma shule za kimataifa Nairobi, akapelekwa chuo Marekani. Mtoto wa mtaa wa Manyatta mwenye kipaji kilekile angekuwa anauza nguo sokoni Kibuye. Kwanza tuongee kuhusu karo, ndipo tufike kwenye Juliet.

#4 MsomajiMakini
Ndugu UpepoWaZiwa, hoja yako ina uzito, ila ukweli wake unahitaji kupangwa upya. Lupita hakuzaliwa Kisumu. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, baba yake alipokuwa akifundisha El Colegio de México, na ndiyo maana akapewa jina linalotokana na Guadalupe. Alirudishwa Kenya akiwa mtoto mchanga. Alipofika umri wa miaka 16 wazazi walimrudisha Mexico, mjini Taxco, kwa miezi saba ili ajifunze Kihispania.

Tena baba aliingia uwaziri mara ya kwanza 2003, na huo wa huduma za afya ulianza 2008. Binti alipokuwa akicheza Juliet, katika miaka ya 1990, baba alikuwa mwanasiasa wa upinzani wakati wa utawala wa Moi, na hilo si jambo lililokuwa likiwafungulia watoto milango. Nyumba ile ilikuwa na elimu na uhusiano na watu wengi, ndiyo, lakini tusiihamishe miaka ili hoja ipate nguvu.

#5 UpepoWaZiwa
Mexico au Kisumu, karo haikulipwa na Phoenix Players. Msingi wa hoja yangu uko palepale.

#6 NyotaYaSiaya
Naomba niongeze mfano wangu, kwa sababu upande wa familia una sura mbili. Nilipokuwa sekondari niliigiza katika tamasha la kitaifa la drama la shule, tukafika ngazi ya mwisho, na mwalimu wangu akamwambia baba kwamba nina kipaji. Baba alikuwa na uwezo wa kunilipia chuo chochote. Alichonilipia ni uhasibu, na hadi leo mimi ni mhasibu. Ninachokiona kwa Lupita hakiishii kwenye fedha ya wazazi: ni wazazi waliokubali fedha yao iende kwenye masomo ya filamu na tamthilia katika Chuo cha Hampshire, kisha iende tena kwenye uigizaji. Familia tajiri zinazokubali jambo hilo katika kizazi chetu ni chache mno, na UpepoWaZiwa anaziweka zote katika kapu moja.

#7 BandariNdogo
Salamu kutoka Minneapolis. Mimi ni Mbajuni wa Kismayo, na naona mnazungumza kana kwamba njia ni mbili tu, shule au familia. Usiku uleule wa Oscar za 2014 alikuwapo Barkhad Abdi, aliyeteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kiume kwa Captain Phillips, filamu kuhusu maharamia wa Kisomali. Huyu hakusomea uigizaji popote. Alizaliwa Mogadishu, akakulia Yemen, akaja hapa kwetu akawa anauza simu dukani na kuendesha gari la abiria.

Mwaka 2011 ulitangazwa usaili wa wazi katika mtaa wa Cedar-Riverside, na Wasomali zaidi ya 700 walijitokeza. Nami nilikuwa katika foleni hiyo. Wengi wetu tulikwenda kwa sababu rafiki zetu walikwenda. Walichaguliwa wanne waliokuwa wakifahamiana, wakacheza pamoja na Tom Hanks, na mwezi Februari 2014 Abdi akashinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Nikitazama hayo, nasema bahati na wakati vina sehemu kubwa kuliko mnavyokiri: Hollywood ilikuwa ikitafuta sura fulani mwaka fulani, na aliyekuwa karibu akachukuliwa.

#8 KaratasiNgumu
BandariNdogo, mfano wako unanisaidia mimi. Abdi alipata nafasi moja kubwa kisha akapotea, wakati Lupita ameendelea kupata kazi mwaka hadi mwaka. Mafunzo ndiyo yanayomwezesha mtu kufanya nafasi ya pili isiyofanana na ya kwanza.

#9 BandariNdogo
Hakupotea. Alicheza katika Eye in the Sky, iliyotoka 2015, kisha Good Time na Blade Runner 2049, zote za 2017. Kwa mtu aliyeanza bila somo hata moja, hizo ni kazi za kuheshimika. Sikatai kwamba mwanzo wake ulikuwa mgumu zaidi baada ya sifa kupita. Hapa mjini tulijua hali ilivyokuwa, maana malipo ya Captain Phillips hayakulingana na umaarufu alioupata.

#10 SinzaMakaburini
Wakuu, kutoka Dar es Salaam naleta jina ambalo halijatajwa: Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga 1984, mwaka mmoja tu baada ya Lupita. Alipitia Kaole Sanaa Group, tukamjua katika michezo ya televisheni ya ITV tuliyokuwa tukiisubiri wiki nzima, kisha akawafuata Wanaijeria na kucheza nao katika Dar 2 Lagos mwaka 2006. Kufikia wakati Lupita anatokea katika Shuga, Kanumba alikuwa hawezi kutembea Kariakoo bila kuzingirwa. Alifariki Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, majuma machache kabla ya Lupita kuhitimu Yale.

Namleta kwa sababu tunapima mwanzo wa mwigizaji kwa kuangalia ulimfikisha wapi Marekani. Kaole ilikuwa shule, hata kama haikutoa shahada. Mtu alifanya mazoezi, akarekodi, akajiona kwenye televisheni Jumapili, akasikia mtaa mzima ukimkosoa, na wiki iliyofuata akarekebisha. Mwanafunzi wa Yale hapati watazamaji wa namna hiyo.

#11 NyotaYaSiaya
Ndugu zetu wa Bongo, uzi hauwezi kupita bila Kanumba! Ila safari hii nakubali amekuja kwa haki.

#12 SinzaMakaburini
Dada, tukimwacha sisi atatajwa na nani? Nashukuru umekubali.

#13 MkandaWaZamani
Nipo Ujerumani, na hapa wazee wanamkumbuka Mkenya mwingine: Sidede Onyulo, aliyecheza Owuor, mpishi, katika Nirgendwo in Afrika, filamu ya Caroline Link iliyotoka 2001 na kushinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Nusu ya moyo wa filamu ile ni yeye. Filamu ikapata tuzo, Onyulo akabaki mwigizaji wa Nairobi, akafariki 2008 bila kuitwa kokote kwa ukubwa aliostahili. Vilevile Oliver Litondo, ambaye Wakenya walimzoea akiwasomea habari, aliibeba The First Grader peke yake mwaka 2010 akiwa mtu mzima. Wote wawili walikuwa na uzoefu mrefu wa Nairobi kuliko Lupita. PaziaLaNyuma, kama Nairobi inajenga, mbona hawa haikuwapeleka?

#14 PaziaLaNyuma
Kwa sababu kujengwa ni jambo moja na kupelekwa ni jambo jingine, na mimi niliuliza kilichomjenga. Onyulo alikuwa amejengwa barabara. Aliyekosekana ni mtu wa kumpeleka.

#15 KaratasiNgumu
Basi umekubali kwamba Yale ilimpeleka.

#16 PaziaLaNyuma
Nimekubali kwamba ilimfungulia mlango. Aliyepita mlangoni alitoka kwetu.

#17 WayaNaTaa
Nimeusoma uzi wote, na nasikitika kuona kazi ya nyuma ya kamera imetajwa katika #1 kisha ikaachwa. Nimefanya kazi ya msaidizi wa utayarishaji katika filamu za wageni zinazopigwa Kenya, kwa hiyo najua maana yake. Unaamka saa tisa usiku, unahakikisha magari yamefika, unawapelekea watu chai na karatasi za ratiba, unazuia wapita njia wasiingie kwenye picha, na katikati ya hayo yote unasimama hatua chache kutoka kwa mwigizaji mkubwa anayerudia sentensi moja mara ishirini. Hakuna mtu anayekufundisha, lakini ukiwa na macho unaona jinsi anavyojitunza kati ya mrudio na mrudio, anavyozungumza na mtu wa taa, na anavyokataa kuharakishwa.

Lupita mwenyewe amesimulia kwamba wakati wa The Constant Gardener alimwambia Ralph Fiennes kwamba anatamani kuigiza, naye Fiennes hakumtia moyo kwa maneno matamu. Alimwambia aifanye kazi hiyo ikiwa tu hawezi kuishi bila kuifanya. Ushauri huo ulimwumiza, na haukumpeleka moja kwa moja kwenye usaili. Alizidi kukaa nyuma ya kamera, akafanya kazi pia katika The Namesake ya Mira Nair. Miaka kumi baadaye Nair ndiye aliyemwongoza katika Queen of Katwe, iliyopigwa Uganda na Afrika Kusini na kutoka 2016. Wanaosema kuhusu bahati watazame hapo: mwongozaji yule alikuwa na sababu ya kumfahamu tangu alipokuwa mmoja wa vijana wasiotajwa na mtu.

Kwa maoni yangu In My Genes ndiyo iliyombadilisha kuliko Shuga. Alipokuwa akiongoza na kuhariri, alilazimika kutazama nyuso za watu halisi kwa saa nyingi na kuamua ni wakati gani uso unasema kweli. Tazama Patsey asivyolia pale ambapo mwigizaji mwingine angelia.

#18 NgoziNiNgozi
Naishi Mwanza, na nina ualbino. Filamu hiyo ilitoka katika kipindi ambacho huku Kanda ya Ziwa wenzetu walikuwa wakiuawa kwa imani za kishirikina, nasi tulikuwa tukilala na milango imefungwa kwa minyororo. Niliiona baadaye, nikaona kwamba anayeulizwa maswali, Agnes, anaachiwa nafasi ya kuzungumza mpaka amalize. Sijui kama hilo lilimfanya Lupita awe mwigizaji bora, ninyi mtaamua. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye ndoto ya kuigiza, aliichagua mada ambayo isingempatia umaarufu wowote, na kazi hiyo isihesabiwe kuwa ngazi tu ya kupandia Oscar.

#19 WayaNaTaa
Asante sana, ndugu yangu. Nimekusoma.

#20 Kijana_wa_Eastlands
Mimi naigiza, nina miaka 23, kwa hiyo nauliza kwa faida yangu. Shuga ilimsaidia au haikumsaidia? Naona mmeipita haraka. Na ni kweli kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji?

#21 MsomajiMakini
Kuhusu Oscar, hapana. Charlize Theron wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2004 kwa Monster. Lupita ni Mkenya wa kwanza.

Kuhusu Shuga, tuieleze ilivyokuwa. Ulikuwa mfululizo wa kuwafanya vijana wazungumze kuhusu Ukimwi, ngono na fedha, ukapigwa Nairobi na kuonyeshwa kuanzia Novemba 2009. Msimu wa pili, ambamo Lupita alirudi, ulionyeshwa 2012. Wa tatu ukahamia Nigeria. Kwa mwigizaji kijana wa Nairobi hiyo ilikuwa nafasi adimu: utayarishaji wenye fedha, kamera nzuri, na watazamaji nje ya mipaka. Lakini wenzake wa Shuga walichukua njia mbalimbali. Nick Mutuma aliendelea na mfululizo huo hata ulipovuka kwenda Nigeria, akajenga jina barani. Kwa hiyo Shuga pekee haielezi Oscar.

#22 KaratasiNgumu
Kijana, zingatia tarehe. Aliingia Yale 2009, mwaka ambao Shuga ilimpa sura inayotambulika mitaani. Angeweza kubaki na kutafuta nafasi nyingine za televisheni, na pengine angezipata. Badala yake alikwenda kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtu aliyeona kwamba Nairobi imekwisha kumjenga asingefanya hivyo.

#23 UpepoWaZiwa
Na mtu asiye na wa kumsaidia asingeweza kufanya hivyo. Kijana_wa_Eastlands, mlinganishe na Joseph Wairimu wa Nairobi Half Life, maana hali zenu zinakaribiana. Filamu ilitoka 2012, David Gitonga akiiongoza, Wairimu akashinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo, na Kenya ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, mara yake ya kwanza kupeleka filamu. Mwaka 2012 hao wawili, Wairimu na Lupita, walikuwa vijana wanaochipukia kwa pamoja. Lupita alikuwa Louisiana akipiga 12 Years a Slave. Wairimu alikuwa na tuzo ya Durban mkononi na hakuna wakala aliyempigia. Nioneshe tofauti ya vipaji vyao nami nitanyamaza.

#24 NyotaYaSiaya
Hapo ndugu umenena. Nimemwona Wairimu katika filamu ile mara kadhaa, na ile namna anavyoingia Nairobi akitabasamu kisha anavyotoka, si jambo la kubahatisha.

#25 PaziaLaNyuma
Mfano wa Wairimu ni mzito, na nauheshimu. Lakini angalieni unavyokata pande zote mbili: unathibitisha kwamba Nairobi inatoa waigizaji wa kiwango hicho bila Yale.

#26 KaratasiNgumu
Nitoe ushahidi mmoja zaidi. Mwaka 2009, Lupita akiwa mgeni kabisa chuoni, jumba la maonyesho la Yale lilipandisha Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake wa Liberia katika vita. Lupita hakupewa nafasi ya kucheza. Alipewa kazi ya kuijifunza nafasi ya mwenzake ili aishike ikiwa mwenzake angeugua. Baada ya Oscar, mlango wa kila filamu ukiwa wazi, aliichagua tamthilia hiyohiyo. Akaicheza New York mwaka 2015, na 2016 ikapanda Broadway, akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway. Shule ilimpa kazi ambayo alikaa nayo kichwani kwa miaka sita.

#27 Kijana_wa_Eastlands
Kwa hiyo hata Yale alianza kwa kukaa pembeni akimtazama mwingine, kama alivyofanya kwenye The Constant Gardener.

#28 WayaNaTaa
Ndivyo. Na mwaka huu zipo filamu zinazotafuta wasaidizi wa utayarishaji Nairobi na Naivasha. Malipo ni madogo na saa ni nyingi. Ukitaka, nitakueleza kwa ujumbe wa faragha namna ya kupeleka jina lako.

#29 UpepoWaZiwa
Mweleze pia nauli ya kurudi Eastlands saa sita usiku inalipwa na nani.